Dola 4,000 za kandarasi au shilingi 400,000 za ajira? Jibu kwa mhandisi wa programu wa Mombasa

Swali: Ni mhandisi wa programu, nina miaka mitano kazini, naishi Kisauni, Mombasa. Kampuni ya Denver, Marekani, imenihoji mara nne na sasa imenipa njia mbili. Ya kwanza, niwe mkandarasi huru kwa dola 4,000 kwa mwezi. Ya pili, niajiriwe kupitia kampuni nyingine iliyosajiliwa Kenya kwa mshahara wa shilingi 400,000 kabla ya makato. Kazi ni ile ile. Kwa sasa napata 180,000. Rafiki zangu wote wanasema nichukue dola. Wako sawa? Na nikague nini kabla sijaacha kazi niliyo nayo? Nimeolewa mwaka huu na tunatarajia mtoto siku zijazo.

Jibu: Dada, hongera. Kampuni ya mbali haimhoji mtu mara nne kwa kupoteza wakati.

Kwa tarakimu hizo, na kwa hali ya nyumbani uliyoieleza, chukua ajira. Dola 4,000 zinaonekana kuipita ile 400,000 kwa karibu theluthi moja, lakini zikishapita kwenye kodi, siku usizolipwa na mambo ambayo mkataba wa kandarasi haukupi, hazibaki na cha kujivunia. Kandarasi ingeanza kuwa na maana kwako kuanzia dola 4,800 hivi. Hesabu ni hii hapa.

Kampuni isiyo na tawi lililosajiliwa Kenya kwa kawaida haiwezi kukuandikia mshahara kama inavyowaandikia watu wake wa Denver. Haina PIN ya KRA, yaani mamlaka ya mapato, haina namba ya mwajiri kule NSSF, mfuko wa pensheni, haina njia ya kupeleka PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo inabaki na mambo mawili. Ama inunue huduma yako kama inavyonunua huduma ya biashara yoyote, wewe ukitoa ankara kila mwezi. Huo ndio ukandarasi. Ama ikodi kampuni iliyosajiliwa hapa ikuajiri kwa niaba yake, ikukate kodi, ikupe likizo za sheria, kisha iidai ile ya Denver gharama zote pamoja na ada yake. Kampuni hizi za katikati utaziona kwenye makaratasi zikiitwa EOR. Deel na Remote, ambazo ni kubwa katika biashara hiyo, zote zilianzishwa 2019, na korona ilipowafungia watu majumbani mwaka uliofuata zikakuta soko linawasubiri.

Sasa tazama upande wa mwajiri, maana hapo ndipo siri ya ile 4,000 ilipo. Mshahara ni 400,000. Juu yake mwajiri analipa sehemu yake ya NSSF, 4,320 kwa viwango vya 2025, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao ni 6,000, na shilingi 50 za NITA, tozo ya mafunzo ya viwandani. Jumla 410,370. Kwa shilingi 129 kwa dola, kiwango ambacho sarafu yetu imekizunguka tangu katikati ya 2024, hiyo ni dola 3,181. Ongeza ada ya EOR, ambayo kwa kampuni kubwa huwa karibu dola 600 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, unapata 3,781. Kwao njia hizi mbili zinatofautiana kwa dola 219 tu. Hawakuongezei kitu wanapokupa 4,000. Wanakukabidhi pesa ile ile pamoja na mizigo ambayo EOR ingeibeba.

Upande wako, tuanze na ajira. Kwenye 400,000 inatoka SHIF, mchango wa bima ya afya ya taifa, wa asilimia 2.75, yaani 11,000, ushuru wa nyumba 6,000, NSSF 4,320. Tangu Desemba 2024 makato hayo matatu yanaondolewa kwanza kabla kodi haijapigwa, kwa hiyo PAYE inahesabiwa juu ya 378,680. Shilingi 24,000 za kwanza ni asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata ni asilimia 25, zilizobaki ni asilimia 30. Ukiondoa nafuu ya 2,400, PAYE ni kama 105,990. Mkononi unabaki na shilingi 272,700 hivi.

Kandarasi: dola 4,000 ni shilingi 516,000. Tuseme gharama zako halali za biashara ni 40,000 kwa mwezi, yaani intaneti, umeme, mhasibu, ada za benki na uchakavu wa vifaa. Faida inayotozwa kodi ni 476,000, na kodi yake kwa viwango vile vile ni kama 135,200. Ushuru wa nyumba kwa asiyeajiriwa ni asilimia 1.5 ya mapato yote, 7,740. SHIF kwa aliyejiajiri hulipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja, lakini ukiigawanya kwa miezi ni kama 13,000. Unabaki na karibu 320,000.

Tofauti ni shilingi 47,000. Rafiki zako wakiishia hapo, wako sawa.

Wasiishie hapo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi za likizo yenye malipo, na juu yake kuna sikukuu za taifa, kama 10 hivi zinazoangukia siku za kazi. Hizo ni siku 31 katika siku 260, takriban asilimia 12 ya mwaka. Mkandarasi asipofanya kazi hatoi ankara. Asilimia 12 ya mapato, ikishatolewa kodi ambayo usingeilipa, ni karibu 40,000 kwa mwezi. Zinabaki 7,000 za kununulia bima ya afya ya familia, za kukuvusha siku ukiugua, na za kufidia mwezi ambao kampuni itaamua kusimamisha mkataba kwa barua pepe moja. Hazitoshi.

Halafu kuna mtoto. Kwa mwajiriwa, likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mwajiri hana hiari katika hilo. Kwa mkandarasi wa dola 4,000, miezi mitatu hiyo ni shilingi 1,548,000 ambazo hazitaingia. Ukipenda kandarasi kwa sababu zako, omba likizo ya uzazi iandikwe kwenye mkataba kwa idadi ya wiki na kiasi cha malipo. Kampuni kadhaa hukubali. Ahadi ya mdomo ya meneja haina kazi, kwa sababu meneja mwenyewe anaweza kuwa ameondoka kabla ya siku ile kufika.

Kwa dola 4,800, hata ukiwa umeingia kidogo kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 32.5, inayoanzia juu ya 500,000 kwa mwezi, na hata ukipumzika siku zote 31, utabaki na karibu 338,000. Hapo kuna 65,000 za ziada kila mwezi za kulipia hatari. Ukitaka kuomba nyongeza, iombe kwa hesabu hii hii, uitume kwenye karatasi moja. Mtu wa rasilimali watu wa Denver hajui NSSF ni nini, na tarakimu zilizopangwa vizuri humpa kitu cha kumpelekea bosi wake.

Usisahau VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kizingiti cha kujisajili Kenya ni mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka, nayo dola 4,000 kwa mwezi zinakufikisha 6,192,000. Huduma inayouzwa nje ya nchi inatozwa VAT ya asilimia sifuri tangu Julai 2023, kwa hiyo hutamwongezea mteja hata senti, lakini asilimia sifuri si msamaha: lazima ujisajili, utoe ankara kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na ujaze ritani kila mwezi kabla ya tarehe 20 hata kama kiasi cha kulipa ni sifuri. Hapa ndipo wakandarasi wengi wa kompyuta huangukia. Wanajaza ritani ya mapato mara moja kwa mwaka, wanadhani wamemaliza, kisha KRA inalinganisha mapato yao na kizingiti cha VAT na barua inakuja. Wala usidanganywe na anayekuambia ulipe ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 badala ya kodi ya mapato. Haiwahusu wanaolipwa ada za kitaalamu.

Kodi ya mapato yenyewe mkandarasi hailipi mara moja mwisho wa mwaka. Inalipwa kwa awamu nne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Salio hulipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na ritani kufikia 30 Juni. Kwa hesabu yako kila awamu ni zaidi ya 400,000. Pesa ikiingia, siku hiyo hiyo hamisha asilimia 31 kwenye akaunti nyingine usiyoigusa. Aliyezoea PAYE anaiona pesa yote ni yake, na Aprili inapofika ameshaijengea.

Ukichagua ajira, kagua haya

Uliza ni kampuni gani hasa itakayosaini barua yako. EOR nyingine zina kampuni zao zenyewe Kenya. Nyingine hutumia mshirika wa hapa ambaye hujawahi kumsikia, na huyo ndiye atakuwa mwajiri wako mbele ya sheria. Omba jina lake kamili na PIN yake. Baada ya mshahara wa kwanza, usitosheke na karatasi ya malipo. Ingia kwenye akaunti yako ya NSSF uone kama mchango umefika, piga *147# uangalie hali yako SHA, na mwaka ukiisha dai fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa mwaka mzima, uilinganishe na kinachoonekana iTax, tovuti ya KRA. Kosa linalotokea ni makato kukatwa na kutofika, na ukiligundua mwezi wa pili linarekebishwa kwa barua pepe. Ukiligundua mwaka wa tatu, unahitaji wakili.

Kipindi cha majaribio kwa sheria yetu hakizidi miezi sita bila wewe kukubali kiongezwe, na ndani yake unaweza kuachishwa kwa notisi ya siku saba. Omba kipunguzwe kiwe miezi mitatu. Umeshahojiwa mara nne, wanakujua.

Uliza pia mshahara umefungwa kwa sarafu gani. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160 au kuipita. Serikali ikauza hati fungani mpya nje mwezi Februari, hofu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni ikatulia, na ndani ya miezi michache dola ikawa 130. Aliyelipwa kwa dola alipoteza karibu asilimia 19 ya shilingi zake bila mtu kumgusa mshahara. Aliyefungiwa shilingi hakupoteza kitu, lakini miaka miwili kabla ya hapo, shilingi ilipokuwa inaporomoka, yeye ndiye aliyekuwa anaumia. Kipengele kizuri ni hiki: mshahara ni shilingi 400,000, na iwapo wastani wa kiwango cha Benki Kuu kwa miezi mitatu utabadilika kwa zaidi ya asilimia 10 kutoka 129, pande mbili zitakaa kuupitia upya. Kinakulinda wewe na kinawalinda wao, ndiyo maana mara nyingi hukubaliwa.

Kuwa na kampuni ya katikati hakumaanishi aliye Marekani hawezi kufikiwa na mahakama zetu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa na wachujaji wa maudhui walioajiriwa Nairobi kupitia kampuni nyingine. Kesi kama hizo huenda polepole sana, kwa hiyo usiifanye kuwa mpango wako. Ni vizuri tu ujue mlango upo.

Ukichagua kandarasi, soma hivi

Anza na hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya tayari inampa aliyeagiza kazi haki ya kazi hiyo kama hakuna makubaliano tofauti, na mkataba wa Kimarekani utaongeza maneno ya kukabidhi kila utakachobuni. Hilo ni la kawaida. Tatizo ni pale inaposema kila ulichobuni katika muda wa mkataba, bila kusema kwa ajili ya nani. Kama una programu yako ya kando, au maktaba ya msimbo uliyoiandika miaka miwili iliyopita na unaitumia kila mahali, iorodheshe kwenye kiambatisho cha kazi za awali kabla ya kusaini. Kiambatisho hicho huwa ukurasa mtupu mwishoni mwa mkataba, na watu huuacha mtupu. Ukiuacha mtupu umekiri kwamba hukuwa na kitu. Omba pia neno hili liongezwe: haki zinahamia kwa mteja ankara husika ikishalipwa.

La pili ni fidia. Mikataba mingi inamtaka mkandarasi aifidie kampuni kwa hasara yoyote itokanayo na kazi yake, bila kikomo. Mtu mmoja wa Kisauni hawezi kubeba hasara ya kampuni ya Denver. Weka kikomo: jumla isizidi kiasi ulicholipwa katika miezi sita iliyopita. Wakikataa sita, kubali kumi na miwili, lakini usikubali kutokuwa na kikomo.

Notisi ya kuvunja mkataba iwe siku 30 kwa pande zote. Malipo yawe ndani ya siku 15 tangu ankara. Kuhusu kutofanyia wengine kazi, kubali kutowafanyia washindani wao wa moja kwa moja wakati wa mkataba, ukatae marufuku ya mwaka mzima baada ya mkataba kuisha.

Watakutumia fomu ya W-8BEN ya mamlaka ya kodi ya Marekani. Isikutishe. Inasema tu kwamba wewe si Mmarekani. Kwenye mstari wa 6a andika PIN yako ya KRA. Sehemu ya pili, ya mikataba ya kodi kati ya nchi, iache tupu, kwa sababu Kenya na Marekani hazina mkataba huo. Huhitaji mkataba kwa hili: kazi inayofanyiwa nje ya Marekani na asiye mkazi wa huko haihesabiki kama mapato ya Marekani, kwa hiyo hawapaswi kukukata asilimia 30. Fomu hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisaini, kisha inajazwa upya. Wakikualika Denver kwa wiki mbili na ukafanya kazi ukiwa huko, siku hizo ni suala jingine la kodi na la visa pia. Uliza kabla ya kupanda ndege.

Swali moja la kuwauliza wao

Tangu mwaka wa kodi wa 2022, kampuni ya Marekani inayogharimia utengenezaji wa programu nje ya nchi hairuhusiwi kuondoa gharama hiyo yote kwenye faida ya mwaka huo. Inaisambaza kwa miaka 15. Ya ndani ya nchi nayo ilikuwa inasambazwa kwa miaka 5, lakini sheria ya Julai 2025 ikairudisha iondolewe mara moja, huku ya nje ikiachwa kwenye 15. Kwa mwaka wa kwanza hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa huanzia katikati ya mwaka: wakikulipa dola 48,000 kwa mwaka, wanaondoa 1,600 tu. Kampuni inayopata hasara haijali. Kampuni ndogo yenye faida inaweza kushtuka Aprili, mhasibu wake akimwambia mwenye kampuni kwamba anadaiwa kodi juu ya pesa ambazo ameshazilipa Mombasa. Wa kwanza kupunguzwa ni wa nje. Kwa hiyo uliza waziwazi: "Mhasibu wenu ameshaingiza kanuni ya miaka 15 katika bajeti ya nafasi hii?" Wakijua unazungumzia nini, hilo ni jibu zuri sana. Wasipojua, ni sababu nyingine ya kutaka notisi ndefu.

Hisa wakikuahidi, zihesabu kuwa sifuri unapolinganisha mshahara. Kwa kawaida zinaiva kwa miaka minne, hupati hata moja kabla ya mwaka kuisha, na ukiondoka mara nyingi una siku 90 za kuzinunua au kuzipoteza.

Kuhusu kiwango chenyewe: kampuni hazikubaliani. GitLab inalipa kwa kuzingatia mahali mtu anapoishi na imekuwa ikiueleza mfumo huo hadharani. 37signals inalipa kwa viwango vya San Francisco popote ulipo. Waulize hawa wako wapi kati ya hizo mbili, maana jibu linakuambia nyongeza ya mwaka wa pili itafuata soko la nani.

Pesa kufika

Ukilipwa kwa dola, fungua akaunti ya dola na uchague mwenyewe siku ya kubadilisha. Pesa ikipita kwa SWIFT, benki ya katikati inaweza kumega kitu njiani, kwa hiyo mkataba useme ada zote za kutuma ni za mtumaji. Lakini ada siyo inayouma zaidi. Benki ikikununulia dola kwa 126.5 wakati soko liko 129, dola 4,000 zimekupotezea shilingi 10,000, na hakuna mstari wowote kwenye taarifa yako unaoliita hilo makato. Piga simu uombe kiwango maalumu. Kwa kiasi hicho cha kila mwezi, benki nyingi zitasogea. M-Pesa usiitegemee kwa mshahara huu: akaunti haishiki zaidi ya 500,000 na muamala mmoja hauzidi 250,000.

Saa, umeme na waya

Denver iko nyuma yetu kwa saa 10 wakati wa baridi yao na saa 9 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwako ni saa moja jioni, au saa kumi na mbili jioni kiangazi chao. Ukikubali "saa nne za pamoja" bila kuuliza zaidi, umekubali kufanya kazi hadi saa tano usiku kila siku, au saa nne kiangazi, na ukiwa unafunga, mkutano wa kila siku utaangukia kwenye futari. Omba saa tatu za pamoja, kuanzia saa moja asubuhi yao: kwako ni saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku, na kiangazi saa kumi hadi saa moja. Liandikwe kwenye mkataba. Kalenda iweke kwa saa za Nairobi, na unapoandika saa kwao tumia mtindo wa 17:00; ukifasiri kichwani kutoka saa zetu za Kiswahili, ipo siku utapishana nao kwa saa sita.

Umeme: laptopu inakula wati 60, skrini ya pili 25, ruta na kisanduku cha faiba 15. Jumla wati 100. Betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema, na inveta nayo inakula asilimia kama 15. Zinabaki wati-saa 510, yaani saa tano. Zinatosha kwa katizo la kawaida la jioni. Usiache ruta nje ya mfumo huo. Watu hununua betri ya laptopu, umeme ukikatika laptopu iko hai na intaneti imekufa.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa 2009, EASSy 2010, lakini kuwa jirani wa waya hakukukingi ukikatika mbali. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaburuza. Laini yako ya akiba iwe ya kampuni tofauti na ile ya faiba, na uwaulize wote wawili wanategemea waya gani. Kama ni uleule, huna akiba.

Kabla ya kuwatumia nakala ya kitambulisho

Watakuomba kitambulisho, picha ya uso kwa video, labda na uhakiki wa anwani. Usiudhike. Wafanyakazi wa Korea Kaskazini wamekuwa wakiingia kampuni za Marekani kwa majina ya watu wengine. Kampuni ya usalama ya KnowBe4 ilieleza hadharani Julai 2024 kwamba ilimwajiri mmoja, na Julai 2025 mwanamke wa Arizona aliyekuwa akiwahifadhia kompyuta nyumbani kwake alihukumiwa kifungo cha miaka 8 na nusu. Ndiyo maana wote wanakaguliwa. Lakini nawe wakague. Tafuta jina la kampuni kwenye rejista ya jimbo ilikosajiliwa, ambayo iko wazi mtandaoni. Hakikisha barua pepe zinatoka kwenye kikoa chao wenyewe. Omba kuongea kwa video na mhandisi aliyeko kazini ambaye hakukuhoji. Jaribio la msimbo walilokutumia lifungulie kwenye mashine pepe, si kwenye laptopu yenye funguo zako, kwa sababu majaribio yenye programu hasidi ndani yake ni mtego unaojulikana kwa wahandisi wanaotafuta kazi. Na yeyote akikuomba kukodi akaunti au jina lako ili "mwenzako" afanye kazi kwa jina hilo, kata mawasiliano hapo hapo.

Laptopu wakiituma kutoka Marekani, mkataba wa usafirishaji useme mtumaji ndiye anayelipa ushuru wa forodha. La sivyo mzigo utakaa uwanjani ukisubiri pesa zako wakati siku yako ya kwanza ya kazi inapita.

Kwa mwajiri wako wa sasa, usitoe notisi kwa barua ya ofa. Subiri mkataba wenyewe uliosainiwa na pande zote, na kwa njia ya ajira hilo ni sahihi ya EOR, si ya Denver peke yake. Subiri pia ukaguzi wa historia yako uishe, kwa sababu ofa nyingi zina mstari unaosema zinabatilika ukaguzi ukikwama. Kisha toa notisi ya mwezi mmoja, na tarehe ya kuanza kule iwe wiki moja baada ya siku yako ya mwisho hapa.